Jinsi Mwasiti Alivyolirusha Paa Lake

Nchi hii msiitafute kwenye ramani. Mtaikosa, na mkiikosa msiende kuwauliza wakubwa, maana nao watauliza mlikuwa mnaitafutia nini. Itoshe kujua kwamba ilikuwepo, ilikuwa na watu, na watu wake walikuwa wanaogopa. Sisemi walionewa. Serikali ilikuwa na huruma sana, redio ilitukumbusha kila asubuhi. Waliogopa tu, kama kuku anavyoogopa mtu anayemletea mtama.

Kijiji chetu kiliitwa Mgongoni kwa kuwa kilikaa juu ya mgongo wa kilima kirefu. Kila mwaka baada ya mavuno, jua likishaanza kuinama, upepo ulipanda kutoka bondeni ukatupitia. Kwa hiyo uwanja wa kupepetea mtama ulikuwa hapo hapo juu, tangu enzi za mabibi zetu.

Huko kwetu mwanamke hapigi mluzi. Akipiga jikoni ataambiwa anaita nyoka, akipiga njiani ataambiwa hakulelewa. Lakini uwanjani, akiwa na ungo uliojaa mtama, mluzi ni ruhusa, tena ni lazima. Unarusha nafaka juu, unapiga mluzi mwembamba kwa ncha ya midomo, na upepo unakuja kuchukua makapi. Mama yangu alifanya hivyo, na mama yake. Hatukuwahi kujiuliza kama upepo unakuja kwa kuwa tumeuita, au kwa kuwa ni alasiri. Mgeni akifika kwa wakati wake, utamuuliza nani alimwalika?

Basi Serikali, kwa kutupenda, ikatuletea mnara.

Uliletwa na malori, vipande vipande, ukasimamishwa katikati ya uwanja wetu. Ulikuwa mrefu na mwembamba, umeshikwa na kamba za chuma pande zote kama ng'ombe mkali anayetaka kukamuliwa. Huko juu kabisa kulikuwa na vikombe vitatu vya kuzunguka, vya kupima kasi ya upepo, na mshale wa kuonyesha unatoka wapi. Aliyetuletea ni Bwana Lukindo, Mkurugenzi wa Idara ya Upepo, mtu mnene mwenye sauti nzuri, ambaye alijijengea nyumba na ofisi chini kidogo ya kijiji.

“Ndugu wananchi,” alisema, “tangu kuumbwa kwa dunia upepo wa hapa umekuwa ukivuma ovyo, bila mpango, bila usimamizi. Leo umepata mwenyewe! Upepo usiopimwa ni upepo wa kienyeji!”

Tukapiga makofi. Jirani yangu Bi Chano, mjane mwenye ulimi mwepesi, akaniinamia sikioni.

“Tunu, wakishaupima watauuza?”

“Nyamaza wee. Vile vikombe ni masikio.”

“Matatu?”

“Moja la kusikia, moja la kukumbuka, moja la kwenda kusema.”

Nilikuwa natania. Lakini Bi Chano alifunga mdomo, na kesho yake kijiji kizima kilikuwa kinanong'ona. Hata mimi nikawa nanong'ona. Neno la kutisha ukishalitamka halikumbuki tena kwamba wewe ndiye uliyelizaa.

*

Siku ya uzinduzi alikuja Mtukufu Kiongozi mwenyewe. Alivaa kofia nyeupe yenye manyoya ya mbuni, nzuri ajabu. Alisimama jukwaani akatoa salamu ya taifa:

“Tulieni!”

“Tumetulia!” tukaitikia.

Ndipo upepo ukapanda kutoka bondeni. Ulikuwa umechelewa kidogo siku ile, labda kwa kuogopa magari. Ukaja moja kwa moja jukwaani, ukaivua ile kofia kwa upole kabisa, kama mke anavyompokea mumewe, ukaipandisha juu, juu, hadi ikanasa kwenye vikombe vya mnara. Ikawa inazunguka. Manyoya yanapepea, inazunguka, na sisi wote vichwa vimeinama nyuma tunaitazama, hakuna anayepumua.

Mke wa mwanangu, Mwasiti, alikuwa amesimama kando yangu, kambeba mwanawe Shukuru. Mwanangu mwenyewe alikuwa ameenda kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge. Shukuru alikuwa hajaota hata jino moja. Akaiona kofia inazunguka, akacheka. Kicheko cha mtoto mchanga mnakijua, kinatoka tumboni, hakina adabu.

Mwasiti akamziba na titi, lakini kicheko kilikuwa kimeshatoka, na walinzi walikuwa wameanza kugeuza shingo. Ndipo Sajini Malembo, askari wa kijiji chetu, akakohoa. Alikohoa kikohozi kikubwa, akainama, akakohoa tena, akapiga kifua, akaendelea hadi wakubwa wakasogea mbali wakidhani ana kifua kikuu. Sikumsahau kwa kikohozi kile. Watu wengine wanakupa mbuzi, na mtu mwingine anakupa kikohozi, na kikohozi kikawa kikubwa kuliko mbuzi.

Bwana Lukindo alikuwa amelowa jasho hadi kwenye tai. “Mtukufu,” alisema, “kofia imepanda kukagua mnara.”

Mtukufu alitazama juu kwa muda mrefu. Kipara chake kilikuwa kinang'aa. Kisha akasema maneno machache tu:

“Mimi sikusikia upepo wowote.”

“Hata mimi!” akasema Bwana Lukindo.

“Hata sisi!” wakasema mawaziri.

“Hata sisi!” tukasema sote, huku tumeshika mitandio yetu isitoke vichwani.

Na hivyo ndivyo upepo ulivyokwisha nchini kwetu.

*

Sajini Malembo aliamriwa apande mnara, aishushe kofia na kuvifunga vikombe kwa waya ili visizunguke tena. Mshale nao ulifungwa, ukaelekezwa Ikulu. Idara ya Upepo haikuvunjwa, la hasha. Iliongezewa wafanyakazi, kwa sababu kulinda upepo usiwepo ni kazi kubwa kuliko kuupima. Redio ikawa inatangaza: “Hali ya hewa leo: hakuna.” Ikasemekana nchi nyingine zinatuonea wivu, zinatuma wajumbe waje kujifunza.

Ikatungwa Sheria ya Utulivu. Neno lenyewe likakatazwa. Mtu aliyelazimika kulitaja alisema “ile hali” na kutazama miguu yake. Vumbi likiruka barabarani, liliitwa vumbi la hiari. Bendera ya ofisini ilileta shida, kwa kuwa kupepea ni kosa na kulegea ni dharau, basi Bwana Lukindo akaagiza ipigwe wanga wa muhogo hadi ikauke, ikasimama kama ubao wa kukatia nyama. Moshi wa jikoni ulitakiwa kupanda wima. Ukiegemea upande, maafisa walipita wakakushauri upike vitu visivyotoa moshi.

Walikuwa wapole, lazima niseme. Afisa mmoja alipoukuta moshi wangu umeinama aliniambia, “Bibi, mimi sijauona. Lakini upande mwingine atapita mwenzangu, na yeye ana macho.” Nikamkatia kipande cha boga, akala amesimama, jicho moja barabarani. Yeye naye alikuwa anaogopa. Nadhani hata yule mwenzake mwenye macho alikuwa anamwogopa mtu mwenye macho zaidi.

Kwa wanawake, amri ilikuwa moja: kupepeta ndani ya nyumba, mlango umefungwa. Nyie mmewahi kupepeta mtama ndani ya nyumba? Unarusha makapi, yanarudi kichwani mwako. Tulikula makapi, tulilalia makapi, tulipiga chafya mchana kutwa. Shukuru akaanza kukohoa. Kifua chake kidogo kikawa kinalia kama mlango usiotiwa mafuta. Mwasiti alimtazama siku ya kwanza, ya pili, akawa hali chakula.

“Mama,” aliniambia, “nitapepeta nyuma ya nyumba. Kidogo tu. Hakuna atakayeona.”

“Mwanangu, mnara unaona.”

“Umefungwa waya, mama.”

“Masikio hayafungwi kwa waya.”

Aliniangalia, akamwangalia mtoto. Akachukua ungo akatoka. Nami nilimbeba Shukuru nikakaa mlangoni kulinda, kama kweli mwanamke wa umri wangu anaweza kukilinda kitu kisionwe. Alirusha mtama mara ya kwanza bila mluzi. Makapi yalimwangukia. Akarusha tena. Nilimwona anajizuia, amekaza midomo. Lakini mikono inayo kumbukumbu yake, na midomo inafuata mikono. Akapiga mluzi.

Na ilikuwa alasiri.

Upepo ulikuja kama uliokuwa unangoja mlangoni siku zote zile. Uliwahi makapi, ukawahi kanga kwenye kamba, kisha ukaingia chini ya mabati ya nyumba ya Mwasiti, ukayainua yote kwa pamoja, na misumari ikalia kama nguruwe. Mabati yakaenda yakipigana hewani, yakashuka chini ya kilima, na tukasikia kishindo. Mwasiti alisimama ameshika ungo mtupu. Hatukutazamana. Sote wawili tulikuwa tunajua chini ya kilima anakaa nani.

*

Bati moja lilikuwa limelala juu ya gari jipya la Bwana Lukindo, limelibonyeza katikati kama mkate. Lingine lilikuwa limeingia ofisini kupitia dirishani na kuipasua picha ya Mtukufu, kuanzia sikio moja hadi jingine.

Mwasiti aliitwa. Nikaenda naye, nimembeba Shukuru.

“Bati hili unalijua?” aliuliza Bwana Lukindo.

“Nalijua, mheshimiwa. Hicho kiraka ni cha debe la mafuta. Alikigongelea mume wangu kabla hajaenda mkongeni.”

“Lilifikaje juu ya gari langu?”

Mwasiti akafungua mdomo. Niliona neno lenyewe limeshasimama kwenye ulimi. Nikamfinya kiunoni.

“Lilikuja,” akasema.

“Kwa miguu?”

“Sikuliona likitembea, mheshimiwa.”

Bwana Lukindo alifuta jasho. Alikuwa mtu mwenye adabu, hakupiga meza. “Sikiliza, mama. Ukisema lilirushwa na ile hali, umevunja Sheria ya Utulivu, utaenda Gereza la Bondeni. Ukisema lilikuja lenyewe, umeitukana akili ya Serikali, Bondeni. Ukisema ulilirusha wewe, umeishambulia Serikali, Bondeni. Chagua. Nchi yetu ni huru.”

“Na mtoto wangu, mheshimiwa?”

“Bondeni hakuna watoto. Ni mahali pa utulivu.”

Maziwa ya kopo hatukuwa nayo, ng'ombe hatukuwa naye, na mtoto mwenye kifua kibovu ukimtoa kwenye ziwa la mama yake hamalizi msimu. Mwasiti alilijua hilo. Alinyoosha mikono akamchukua Shukuru kutoka kwangu, akamshika kama mtu anayeshika kitu juu ya kisima.

Sajini Malembo akapiga saluti. “Mheshimiwa, mtoto ana njaa. Sheria hairuhusu kumhoji mtu anayenyonyesha.”

“Sheria gani hiyo?”

“Iko njiani, mheshimiwa. Inatoka mjini.”

Bwana Lukindo akabadilika rangi. Hakuna kitu kilichomtisha mkubwa wa nchi ile kama sheria iliyoko njiani ambayo mwenzake ameisikia kabla yake. “Bila shaka,” akasema, “bila shaka, naifahamu. Anyonyeshe. Hakimu atakuja mwenyewe.”

Tulipotoka, Sajini alitembea nyuma yetu. “Bibi Tunu,” alinong'ona, “hiyo sheria haipo.”

“Najua, baba.”

“Nami naogopa sana.”

“Najua, baba. Mungu akulinde.”

*

Hakimu Kisoma alifika na hema lake, viti vyake na wigi lake. Mahakama ilitaka kuona tukio lilivyotokea. Ikaamriwa kwanza paa lirudishwe juu ya nyumba ili liweze kurushwa tena. Mafundi wa Serikali wakaja na misumari mipya. Haki yao niwape: nyumba ile haikuwahi kuezekwa vizuri namna ile, na kwa muda wa siku kadhaa Mwasiti na mwanawe hawakulala tena chini ya nyota. Tuliwapikia uji. Fundi mmoja alituongezea misumari ya bure, akasema, “Wakitaka lirushwe, walirushe kwa jasho.”

Ikaamriwa pia kila mwanamke alete ungo wake uwanjani, kama kidhibiti, nyungo zote zichomwe moto baada ya hukumu. Tukaenda sote tumebeba nyungo zetu kama watu wanaokwenda kuzizika.

Hakimu alikuwa mzee aliyechoka, mwenye mikono mizuri. Alikaa chini ya hema karibu na mnara. Bwana Lukindo alikaa kulia kwake, na picha mpya ya Mtukufu ikawekwa kwenye kiti chake yenyewe.

“Tulieni!” alisema Hakimu.

“Tumetulia!”

“Mshitakiwa, mahakama inakuomba ulirushe paa lako. Ukiweza, tutajua ni wewe. Ukishindwa, tutajua unaificha nguvu yako, na nguvu ya mwananchi ni mali ya taifa.”

Mwasiti alisimama peke yake mbele ya nyumba yake. Shukuru alikuwa kwangu, ameshika kidole changu. Jua lilikuwa limeanza kuinama.

“Mheshimiwa,” alisema, na sauti yake haikutoka vizuri, “sijui niligusie wapi.”

“Fanya kama ulivyofanya siku ile. Ulikuwa unafanya nini?”

“Nilikuwa napepeta, mheshimiwa.”

“Basi pepeta.”

Sisi wanawake tulitazamana. Bi Chano aliziba mdomo wake kwa kiganja. Hakuna aliyesema neno, kwani tungesema nini? Kwamba ni alasiri? Alasiri ilikuwa haijakatazwa, na hatukutaka ikatazwe.

Wakampa mtama kwenye ungo. Akarusha mara moja. Nafaka nyingi zikamwagika chini. Akarusha tena. “Na mluzi,” akasema Bwana Lukindo, “mlinzi wangu alisikia mluzi. Usitufiche.” Mwasiti akalamba midomo iliyokauka. Mluzi wake ulitoka mdogo sana, uliokatika katikati, kama wa mtoto anayejifunza.

Kwanza nyasi za bondeni zililala. Niliziona mimi, na waliziona wenzangu, mstari mmoja unapanda kilima taratibu. Wakubwa walikuwa wamelipa bonde mgongo. Nikamfunika Shukuru kichwa.

Makapi yote yalimpiga Hakimu usoni. Kisha hema likajaa kama shavu la mpiga tarumbeta, likang'oka, likaondoka. Viti vikafuata, kile cha picha kikitangulia, kwa heshima. Wigi likaruka. Vitabu vya sheria vikafunguka vyenyewe na kujisoma haraka haraka. Maafisa wakashikana, wakaanguka, wakashika nyasi, wakashika kamba za mnara, na wote walikuwa wanataka kupiga kelele neno moja, na neno lenyewe lilikuwa kosa.

“Ile hali!” akalia mmoja. “Ile hali! Ile hali!”

“Tulieni!” akapaza sauti Bwana Lukindo, amekumbatia mguu wa mnara, tai yake imesimama kama bendera ya ofisini.

“Tumetulia!” wakaitikia maafisa waliokuwa wanabingirika.

Misumari mipya ilishika, ilishika, tukasikia inasema. Kisha paa la Mwasiti likainuka zima, safi, likapita juu ya vichwa vyetu na kivuli chake, likashuka nyumbani kwa Bwana Lukindo kama linaloijua njia.

Na huko juu ya mnara waya ukakatika. Vikombe vikaanza kuzunguka. Ulikuwa mlio ambao hatukuwa tumeusikia tangu siku ya kofia, mlio wa nyuki wengi sana.

“Watu wote tazameni chini!” akapiga kelele Bwana Lukindo. “Hakuna kutazama juu!”

Tukatazama chini. Kijiji kizima, na mahakama, na polisi, tumesimama na kupiga magoti huku tumetazama vidole vya miguu yetu, na juu yetu vikombe vinazunguka na kuzunguka, vinasema vinayoyajua. Shukuru peke yake ndiye aliyetazama juu. Nilimwona chini ya mtandio wangu, macho wazi. Safari hii hakucheka.

“Mwasiti!” alilia Hakimu, amelala kifudifudi. “Mwanangu, mahakama imeridhika! Acha!”

“Sifanyi kitu, mheshimiwa,” alisema Mwasiti, huku analia. “Nimeshaweka ungo chini.”

*

Upepo ulipopita, Hakimu aliletewa ndoo, akaigeuza akakaa. Alitazama mnara, kisha akawahi kutazama pengine. Alimtazama Bwana Lukindo. Akatazama mahali picha ilipokuwa. Nikamwonea huruma, kwa sababu alibaki na mambo mawili tu: au kuna upepo, au mwanamke yule mwembamba amefanya yote haya. Na la kwanza lingempeleka yeye Bondeni.

“Mahakama imejionea,” alisema kwa sauti ndogo. “Mshitakiwa amerusha paa, hema, viti na sheria za nchi. Ana hatia. Apelekwe leo, bila mtoto. Sajini, mchukue.”

Mwasiti hakupiga kelele. Alikuja kwangu, akampa Shukuru ziwa pale pale, amesimama, haraka haraka, kama mtu anayejaza mtungi kabla bomba halijakatwa. Mtoto alikuwa ameshiba. Alimlazimisha.

Sajini Malembo alianza kumfuata. Sijawahi kuona mtu anatembea polepole namna ile. Alifunga kamba ya kiatu. Akasimama, akafunga ya kiatu kingine. Alikuwa anatupa nafasi na sisi hatukujua ya kufanyia nini.

Bi Chano ndiye aliyesogea. Ungo wake ulikuwa unatetemeka hadi unalia.

“Samahani, mheshimiwa,” alisema. “Paa ni lake, sawa. Lakini hema ni mimi.”

“Nini?”

“Hema nimelirusha mimi. Lilinizibia jua.”

Halafu mama mmoja wa nyuma, ambaye siku zote hata sokoni hasemi, akasema, “Viti ni mimi.” Na mwingine, “Wale maafisa niliwabingirisha mimi, mnisamehe, nilidhani ni maboga.” Nami nilipoona midomo ya wenzangu imekauka kwa hofu na bado inasema, nikasema, “Na wigi lako, mwanangu, nadhani nililirusha mimi.”

Hakimu aliinuka kwenye ndoo. “Mnafanyaje mambo haya?”

“Tunapepeta tu, mheshimiwa,” alisema Bi Chano. “Tulifundishwa na mama zetu.”

“Wangapi hapa mnajua kupepeta?”

Tuliinua nyungo tu. Zilikuwa zinatetemeka zote, na kwa mbali, wanasema, ilikuwa kama tunajitayarisha kupepeta.

Maafisa wakarudi nyuma. Bwana Lukindo aliuliza, kwa sauti ya mtu aliye kisimani, “Na vijiji vingine?”

“Ah, baba,” alisema Bi Chano, “huko mtama ni mwingi zaidi.”

Basi Hakimu Kisoma akaiahirisha kesi. Hakusema Mwasiti hana hatia. Alisema kesi itaendelea hapo mambo yatakapotulia, na kwamba mshitakiwa akae kwake na mtoto wake hadi atakapoitwa. Nyungo hazikuchomwa. Hakuna aliyetaka kuja kuzichukua mikononi mwetu.

Walipokuwa wanaondoka nilimwona Bwana Lukindo amesimama njiani, jicho moja jekundu, linatiririka. Lilikuwa limeingia kapi. Nikamwendea, maana jicho ni jicho. Nikamshika kidevu, nikamfungua kope kwa ncha ya kanga, nikasogeza mdomo kama ninavyowafanyia wajukuu.

Akanishika mikono yote miwili. Yake ilikuwa ya baridi.

“Bibi,” alisema, “nakuomba. Usipulize.”

Sikupuliza. Nililitoa kwa kanga.

*

Hawajarudi mpaka leo. Wala hawajasema hawatarudi. Vikombe vinazunguka huko juu kwa sababu hakuna aliyetumwa kuvifunga, na redio bado inasema hakuna. Mwasiti ameezeka kwa nyasi, na juu ya nyasi ameweka mawe. Shukuru ameota meno mawili. Gari likinguruma barabarani, mama yake huacha chochote alichoshika na kumpa ziwa kwanza, kisha ndipo huuliza ni gari la nani.

Tunaogopa kama zamani. Siwezi kuwadanganya. Lakini siku hizi jua likianza kuinama, na nyasi za bondeni zikianza kulala, hatumwachi asimame peke yake. Kila mwanamke wa Mgongoni hutoka nje na ungo wake, hata kama hauna kitu ndani, tukapiga mluzi sote, wazee na vijana, wengine bila meno. Ili wakija, wakiuliza ni nani, watukute uwanjani.

Sasa hivi ni alasiri. Namsikia Bi Chano anaita. Acheni nikachukue ungo wangu.